Radhi ya Mzee Haji katika Filamu ya Chuo

Wanangu, mlipokuja kwangu juzi na simu zenu, mkitaka niwafundishe namna ya kumpiga mtu picha akapendeza, niliwapa chai na mandazi, nikawatania kidogo, mkaondoka mikono mitupu. Baadaye nikajuta. Mzee anayeombwa elimu akatoa chai ana jambo analificha. Basi leo nimeshika kalamu. Nitawaandikia yale ninayoyajua ya kamera, pamoja na moja ambalo si la kamera hata kidogo.

Nianze na buibui. Kamera zetu zilikuwa za roli, na roli ya filamu haitaki kuona mwanga, hata wa njiti ya kiberiti, mpaka isafishwe. Ulikuwapo mfuko mweusi wa kubadilishia, lakini wetu ulichanika na wa kununua haukuwapo. Fundi Kheri, mwalimu wangu wa kazi, akaenda kwake akarudi na buibui kuukuu la mkewe. Akalikunja mara mbili, akalishona pindo, akaacha matundu mawili ya kuingizia mikono, akayatia mpira. Tangu siku hiyo kamera ikifunguliwa ndani ya buibui. Mikono imo ndani, macho yako juu kwenye dari, vidole vinapapasa.

Roli yangu ya kwanza niliiharibu kwa sababu nilichungulia. Kheri hakunigombeza. Alinifunika lile buibui kichwani, akanikalisha nalo barazani pale mtaani petu Malindi, hapa Unguja, mpaka adhuhuri. Kila mpita njia akauliza, "Bi harusi hajambo?" Kheri anajibu, "Hajambo, ana haraka tu." Sikuchungulia tena maisha yangu yote. Lakini ile haraka aliyoisema haikunitoka.

La pili ni unyevu. Nyinyi hamlijui hili kwa kuwa simu zenu zimezibwa. Sisi kamera tuliilaza ndani ya debe pamoja na mchele uliokaangwa mkavu, umefungwa kitambaani, kwa sababu mchele hula unyevu. Kila wiki ukaangwe upya. Mke wangu alikuwa akisema ndoa yetu ina wali wa aina mbili, wa watu na wa kamera, na wa kamera ndio unaopikwa kwa wakati.

La tatu, springi. Kamera ilikuwa ikitiwa ufunguo kama saa ya mezani, na ukiiachia inakwenda kwa muda wa pumzi sita za mtu aliyekaa. Kheri alinifundisha kuzihesabu pumzi za mtu aliye mbele yangu. Ukihesabu zako, utakuwa unajitazama mwenyewe.

Sasa niingie kwenye filamu yenyewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Walimu wengi wa sayansi walikuwa wamekwishaondoka, na katika skuli zetu ungeweza kumkuta mwanafunzi hodari akinakili ubaoni mambo ambayo hakuna wa kumfafanulia. Chuo kikuu kule Bara kilikuwa na shahada ya ualimu wa sayansi, na nafasi za vijana wa Unguja zilikuwapo. Vijana walikuwa wakitaka. Wazee ndio waliokuwa na khofu, hasa kwa watoto wa kike. Idara yetu ya sinema ikaamrishwa kutengeneza filamu fupi itakayozungushwa vijijini, mzee aone kwa macho yake mtoto wake atalala wapi, atakula nini na atasoma nini.

Tulivuka, tukapiga madarasa, maktaba na dahalia wanakolala wanafunzi. Katika maabara yao palitokea kichekesho. Tulitaka chupa itoe moshi, na mwalimu wao wa kemia akasema somo la wiki ile halina moshi. Kheri akatia kaa la moto na udi chini ya meza, moshi ukapanda nyuma ya chupa ukapendeza kweli. Wanafunzi wakacheka mpaka wakashika mbavu, maabara nzima inanukia harusi. Mwalimu alikuwa akikohoa, nasi tukamwambia akohoe kitaalamu.

Tuliporudi kilibaki kipande kimoja, nacho ndicho kilichokuwa moyo wa filamu: mtoto wa kijijini anapewa radhi na mzazi wake ili aende chuoni. Tulimchagua Mwanahawa Haji. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, kamaliza kidato cha sita mjini, akikaa kwa shangazi yake Jang'ombe. Alipenda hesabu kama wenziwe walivyopenda taarab. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya watakaovuka mwaka ule. Kilichobaki ni sahihi ya baba kwenye fomu.

Wiki ile Kheri alishikwa na homa kali. Kwa mara ya kwanza nikakabidhiwa kamera, gari na kazi yote peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na kichwa changu kilikuwa hakipiti mlangoni.

Siku ya Jumanne nilikwenda kusini kumwona babake. Mzee Haji alikuwa mchoma chokaa, mtu mrefu, mkavu, nyusi zimeingia unga mweupe. Nilimkuta kwenye tanuri, mawe yamepangwa juu ya magogo, na moto umeshashika.

"Shikamoo, Mzee Haji."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndo wa picha?"

"Naam. Twataka tukupige ukimuaga Mwanahawa. Akubusu mkono, nawe umwambie neno la radhi. Dakika tano tu, mzee."

Akacheka. "Radhi ya dakika tano?" Akachukua gogo, akalisukuma motoni, kisha akanigeukia. "Skiza. Kumpiga picha mpigeni, sina neno. Ama la kwenda kusoma huko ng'ambo, hilo nna neno langu, na ntalisema mwenyewe. Leo tanuri nshalitia moto, na likishawaka siliachi. Njooni naye Ijumaa baada ya sala. Ntakuwa nshakoga, nshavaa kanzu."

Siku tatu tu. Lakini mzigo wa filamu za kwenda kusafishwa nje ulikuwa unaondoka Ijumaa asubuhi, na mwengine haukutazamiwa ila baada ya wiki mbili. Mkubwa wetu alishauliza mara mbili, "Lini?" Nami nilitaka nionekane kwamba bila ya Kheri kazi inakwenda, tena inakwenda mbio.

Nikarudi Jang'ombe. Mwanahawa alikuwa akinisubiri mlangoni kwa shangazi yake.

"Baba kasemaje?"

"Babako ana kazi na tanuri. Hawezi."

"Hakusema jengine?"

"Hakusema."

Wanangu, hapa ndipo. Habari ya Ijumaa sikumwambia. Nilijua nikimwambia atasema tungoje, na akisema tungoje sitakuwa na la kumjibu. Uongo wangu haukuzidi neno moja, na wakati ule niliuona kama kipande kidogo cha filamu kinachokatwa ili hadithi iende vizuri.

Jumatano alasiri nikamchukua Mzee Sudi, mshona viatu wa Jang'ombe mwenye ndevu nyeupe nzuri, nikamvisha kanzu na kofia. Nikamkalisha kwenye baraza ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, kwa sababu mwanga wa alasiri ulikuwa ukiipiga sawasawa. Mlango wa nyumba ile ulikuwa wa nakshi, umejaa misumari ya shaba. Nyumba ya mchoma chokaa hiyo! Lakini macho yangu yalikuwa yakitazama mwanga tu.

Mzee Sudi alisita. "Radhi? Yakhe, mie nna wanangu. Huyu ana babake."

"Sinema tu, mzee."

"Haya. Mungu ndiye ajuaye kuwa naigiza."

Mwanahawa alimtazama, akanitazama na mimi. Nilidhani atakataa. Hakukataa. Akapiga magoti, akaubusu mkono wa mshona viatu, na Mzee Sudi akasema, "Nenda, mwanangu. Nimekuridhia duniani na akhera." Tepu ikachukua sauti, kamera ikachukua picha. Pumzi ya nne, machozi yakamtoka Mwanahawa. Machozi ya kweli, hakuambiwa na mtu. Tulipiga mara moja tu. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Filamu iliporudi imesafishwa, Kheri alikuwa ameshapona. Tukaitazama pamoja chumbani. Kilipopita kipande kile alikisimamisha.

"Huyu ndiye babake?"

"La. Mzee Sudi wa Jang'ombe."

"Babake kafa?"

"Yu hai."

Kheri akasema, "Ukimvisha mtu kanzu ya mwenziwe, ataivua airudishe. Hili neno atalirudisha vipi? Kikate."

Nikasema nitakikata. Na ningekikata, wallahi, lau mkubwa wetu asingeingia siku ile ile, akakiona, akavua miwani akajifuta macho. "Hapa ndipo penyewe," akasema. "Na tuanze kuionesha kijijini kwake binti, iwe heshima kwa mzee." Kheri akanitazama aone nitasema nini. Nikasema, "Vyema, bwana."

Tena nikaongeza la kwangu. Fomu ilikuwa mikononi mwangu. Nikasema sahihi itiwe kule kule, mbele ya watu, filamu ikimalizika, ipendeze. Chombo cha kuwavusha wanafunzi kwenda Bara kilikuwa kinaondoka wiki ile ile.

Kinamama wa kijiji walikuwa wamesema sinema ya usiku hawaji, kwa hivyo tuliionesha alasiri katika darasa la skuli. Ukutani tulitundika shuka jeupe, na madirisha tukayaziba kwa mikeka, na mlango pia. Shikeni na hili: mkeka mmoja hautoshi, jua litakutoboa, tieni miwili, mmoja uende hivi na mwengine uende vile. Mwanahawa tulikuja naye garini, akakaa nyuma na wanawake. Mzee Haji tulimkalisha mbele, kwenye kiti pekee chenye mgongo. Aliponiona alinipa mkono, akaniuliza kwa upole, "Ijumaa ile yalikufikeni nini? Nlikungojeni." Nikasema gari liliharibika.

Filamu ikaanza. Watu walicheka baiskeli za wanachuo, wakashangaa vitanda vya dahalia, wakapiga makofi chupa ilipotoa moshi. Kisha ukatokea mlango wa nakshi. Mtu mmoja akauliza, "Kwa nani hapo?" Akatokea Mzee Sudi, na Mwanahawa anapiga magoti.

"Haji!" akaita mwengine gizani. "Ndo umezeeka hivo!" Darasa zima likaangua kicheko.

Ndipo tepu ikasema, "Nimekuridhia duniani na akhera," na kicheko kikakatika. Kwetu mtu hutaniwa kwa kila kitu, kwa umasikini wake, hata kwa kipara chake. Neno hilo halimo katika utani. Mzazi humwambia mwanawe pengine mara moja katika umri wake, na wapo waliokufa wakilingoja.

Mzee Haji akasimama. Alikuwa mbele ya mashine ya sinema, kwa hivyo picha ya binti yake na yule baba mwengine ikawa inacheza kwenye kanzu yake. Hakugeuka. Akenda mlangoni, akaiondoa mikeka, jua likaingia, na picha ikafifia kwenye shuka mpaka haikuonekana tena. Sauti tu ndiyo iliyobaki ikisema habari za chuo.

Asubuhi ya pili tulikwenda kwenye tanuri, mimi na Kheri. Kheri alimbusu mkono kwanza, mimi nikafuata. Niliungama yote: Jumatano, Mzee Sudi, na kwamba gari halikuharibika. Mzee Haji alisikiliza huku akipanga mawe. Kisha akakaa juu ya jiwe na kuzungumza nami bila ya hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

"Ijumaa ile nlikoga mapema," alisema. "Nkavaa kanzu, nkakaa barazani. Sikumwambia mtu. Nlikuwa nshalitia nia. Neno langu nnalo: nlitaka nimwambie, 'Nenda, Mwanahawa, nshakuridhia. Hesabu zako zimenshinda mie, zisikushinde weye.' Nlipoona hamji, nkasema labda mwenyewe hakutaka kuja, huko mjini keshamsahau mchoma chokaa."

"Basi mwambie leo, mzee," nikasema. "Chombo hakijaondoka. Fomu ninayo."

Akatikisa kichwa. "Lishasemwa. Mbele ya watu, na mtu mwengine. Nkilisema leo, kijiji kitasema Haji kafunzwa na sinema namna ya kuwa baba. Mie nshakusamehe, mwanangu, sinalo tena moyoni. Lakini neno langu mmeninyang'anya."

Kheri alimsihi mpaka sauti ikamkauka. Mzee akasimama, akarudi kwenye mawe yake. Njiani Kheri alinambia, "Mwambie binti alivyosema babake. Leo hii."

Sikumwambia. Nilimkuta nyumbani kwao, nikamwambia babake hakukubali. Akaitika tu. Aliichukua fomu mkononi mwangu, akaikunja vizuri, akanirudishia. Chombo kikaondoka bila yeye.

Na filamu ikaendelea, wanangu. Ilizunguka Unguja yote, na kila tulikoionesha wazee walilia kwenye kipande kile kile na kutia sahihi papo hapo, kwa sababu huko hakuna aliyemjua Mzee Sudi wala Mzee Haji. Wapo walimu wakubwa nchi hii waliovuka kwa radhi ile ya kuigizwa. Hukutana nami wakanishukuru. Mkubwa wetu alinipandisha cheo. Naona haya kuandika kwamba nilikipokea, lakini nilikipokea.

Mwanahawa alisoma kozi fupi ya ualimu hapa hapa, akarudi kufundisha hesabu kijijini kwao. Akaolewa, akazaa, na mamake alipofariki akahamia kwa babake kumtunza. Waliishi nyumba moja miaka mingi. Kila nilipopita njia ile na gari la sinema nilikuwa nikijiambia leo nitashuka. Kheri aliniuliza mara mbili kama nimeshamwambia, na alipokuwa amelala kitandani ugonjwa wake wa mwisho akaniuliza mara ya tatu. Nilikuwa na sababu tele: yameshapita, nitamtonesha kidonda, mzee mwenyewe ndiye wa kusema. Ukweli ni kwamba neno la babake lisingeweza kutoka kinywani mwangu bila ya kutoka pamoja na uongo wangu, na mimi nikijionea huruma.

Mzee Haji akafariki. Nilikwenda matangani, nikangoja mpaka siku ya tatu watu walipopungua. Mwanahawa alinitolea kiti ukumbini, naye akakaa mkekani. Nywele zilikuwa zimeanza mvi.

"Bwana," akasema, kabla sijafungua mdomo, "siku ile ya Mzee Sudi mimi ningeweza kukataa. Nlijua si sawa. Lakini nlijua babangu hatanambia neno lile kamwe, na nlikuwa na hamu ya kulisikia japo mara moja, kwa yeyote. Ndo maana nkalia. Yeye akaja akaliona, akaudhika. Kosa ni langu. Nimemtunza kwa sababu hiyo, na hatukupata kulizungumza."

Nikamwambia. Nilimwambia Jumanne na tanuri, Ijumaa na kanzu, baraza na kungoja kwake, na uongo wangu pale mlangoni Jang'ombe. Sikuacha kitu. Akawa akiuviringa ukindu mmoja uliochomoka mkekani.

"Alikuwa chumba cha pili," akasema. "Miaka yote hiyo. Ungenambia, ningeinuka tu nikaingia."

Kisha akaujongeza mkeka karibu na kiti changu, akavuta kanga kichwani, akasema, "Hebu liseme lile neno. Kama alivolisema yeye."

Nikalisema. "Nenda, Mwanahawa, nshakuridhia. Hesabu zako zimenshinda mie, zisikushinde weye." Akainama, akaitikia "Ahsante, baba," na mimi nikajiona nimekaa pale pale alipokaa Mzee Sudi.